Kidole cha Chiriku

Kinyozi na ukimya ni paka na maji. Ukiona kinyozi amenyamaza, jua ama jino linamuuma ama mteja amelala kwenye kiti. Na huyu wa habari hii, ambaye mtaa mzima walimwita Redio, hata jino likimuuma alikuwa analisimulia hilo jino: lilianza lini, linauma upande gani, na babu yake naye aliwahi kuumwa la upande uleule. Kibanda chake kilikuwa na kioo chenye ufa, kiti kimoja cha kuzunguka na benchi refu la wanaosubiri. Nusu ya waliokaa kwenye lile benchi hawakuwa na nywele za kunyoa. Walikuja kusikiliza.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Redio akajaliwa mtoto mmoja tu, binti, na huyo binti hasemi. Si kwamba anasema kidogo, hasemi kabisa. Na ajabu zaidi, jina lake la nyumbani ni Chiriku, kwa sababu siku aliyozaliwa alilia mpaka mkunga akasema huyu si mtoto, huyu ni chiriku, mtajuta na kelele zake. Jina likaganda, kelele zikaisha. Alipofika miaka minne hana hata neno moja, wakampeleka hospitali, wakaambiwa ana usonji. Redio hakuwahi kulisikia hilo neno. Alidhani ni kama homa, akauliza dawa yake mtoto anywe kabla ya chakula au baada. Daktari, mtu mpole, akamwambia hakuna dawa wala hakuna homa, ni jinsi mtoto alivyoumbwa kichwani, na atajifunza, ila kwa njia yake.

Njia yake! Basi wakaitafuta hiyo njia kama watu wanaotafuta sindano kwenye nyasi. Chiriku alipenda vibanio vya nguo. Alivipanga ukutani kwa rangi, vya bluu na bluu, vyekundu na vyekundu, na ukisogeza kimoja utajuta. Alipenda kulala chali aangalie feni. Vyombo vikigongana jikoni alikuwa anaziba masikio na kupiga yowe, na chakula chake lazima kila kitu kikae peke yake kwenye sahani, yai lisiguse kiazi, kama wake wenza waliokosana. Na akitaka kitu, alikuwa na mtindo wake: anakuja, anakushika kifundo cha mkono, anakuvuta mpaka penye kitu, anauweka mkono wako pale. Kiu ikimshika, mkono wako unapelekwa kwenye ndoo ya maji. Mlango umefungwa, unapelekwa kwenye komeo. Mama yake, ambaye alikuwa anafua nguo za watu na mikono yake haikauki, alikuwa anasema sisi mikono yetu ni funguo za huyu mtoto. Alisema kwa kucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Shule mbili zilimpokea na kumrudisha. Ndipo akaja Mwalimu.

Huyu Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, sauti ndogo, mtulivu, mtu ambaye hata mbuzi angekubali kufundishwa naye. Miaka mingi alifundisha darasa la kwanza, halafu akaenda kwenye mafunzo mahali, akarudi akaacha darasa, akawa anafuata watoto kama Chiriku majumbani kwao. Alikuja na ubao. Usifikiri ubao wa chaki; ni karatasi gumu la ukubwa wa sinia, limefunikwa kwa nailoni, limeandikwa herufi zote kubwakubwa. Mtoto anakaa, Mwalimu anakaa ubavuni kwake, anamshika kifundo cha mkono kwa chini, taratibu, kama mtu aliyebeba yai, na mtoto ananyoosha kidole herufi moja moja mpaka neno litimie.

Wiki za kwanza kidole kilitangatanga tu. Kisha siku moja kikasema MAJI. Mama Chiriku alikimbia kuchota maji, kikombe kikamwagika nusu njiani. Siku nyingine kikasema MAMA. Hapo mama mtu alikaa chini sakafuni akafunika uso kwa kanga. Baada ya hapo maneno yakaja kama bomba lililozibuliwa, na siku Redio alipowahi kurudi nyumbani akakuta somo linaendelea, akaanza kumweleza Mwalimu habari za mteja mmoja mwenye kovu kichwani, kidole cha Chiriku kikaenda zake polepole mpaka kikaandika: BABA UNAONGEA SANA.

Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake kibandani aliisimulia kwa kila kichwa alichonyoa, na kila akiisimulia inaongezeka mkia.

"Mtoto huyo ana akili kuliko sisi wote hapa," fundi viatu wa jirani akasema. "Sisi tumeshindwa kukwambia miaka yote hii."

Benchi zima likaangua kicheko. Lakini huyohuyo fundi viatu, ambaye ni mtu wa kuchokonoa, siku moja alipita nyumbani kuchukua nguo zake akakuta somo, akaona Chiriku anaandika huku macho yake yako kwenye feni. Akaja kumuuliza Redio, inakuwaje mtu anaonyesha herufi asiyoiangalia?

"Wewe ukijikuna mgongo unauangalia?" Redio akamjibu, na watu wakacheka tena, na swali likafia hapo.

Kulikuwa na neno moja tu ambalo Redio hakulipeleka kibandani. Jioni moja kidole kiliandika: NAKUPENDA BABA. Akalisoma, akalisoma tena, akaenda nje kusimama karibu na kamba ya nguo. Mtu yule ambaye hajawahi kufunga mdomo, neno hilo alilimeza akakaa nalo. Hata na mkewe hawakulizungumza. Alikuwa analitoa mwenyewe akiwa ananyoa, analiangalia, analirudisha.

Kwa kweli nyumba ilibadilika. Mwalimu aliwaambia, kwa upole wake, kwamba sasa mtoto amepata maneno, wasimruhusu tena kuwavutavuta mikono kama mtoto mchanga. Akija kushika mkono, mrudishieni mkono wake, mwonyesheni ubao. Wakafanya. Chiriku anakuja anashika kifundo cha baba yake, Redio anautoa mkono taratibu: "Hapana, mama. Sema kwenye ubao." Shida ni kwamba ubao ulikuwa unasema akiwepo Mwalimu tu. Redio akijaribu kumshika mtoto mkono, kidole kinalala. Mama yake akijaribu, kinakwenda hovyo. Mwalimu akasema ni mazoezi, mkono unataka kumwamini mshikaji, msikate tamaa. Basi Mwalimu akiondoka mtoto anakuja na mkono wake, anarudishiwa. Anakuja tena, anarudishiwa tena. Akaanza kujing'ata nyuma ya kiganja mpaka pakafanya sugu. Wakasema masikini, ana mengi ya kusema, anamsubiri Mwalimu.

Halafu kikaja kile kikubwa. Kidole kiliandika: NATAKA KWENDA SHULE YA BWENI.

Kulikuwa na shule hiyo, ya watoto wa aina yake, nzuri, inasifika, lakini mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, na ukishamwacha mtoto unamwona wakati wa likizo. Mama Chiriku alilia. Alimuuliza mtoto kwa njia zote alizozijua: unataka kweli? Utalala bila mama? Kuna mtu amekuudhi hapa? Kila alivyouliza kidole kilijibu vilevile, NATAKA, tena siku moja kikaongeza NATAKA KUJIFUNZA ZAIDI. Mama mtu akasema mtoto bado mdogo, asiende. Redio hakukubaliana naye. Alimwambia mkewe, mwenzangu, mimi nimeomba maisha yangu yote nimsikie huyu mtoto akitaka kitu kwa mdomo wake. Leo ametaka, halafu mimi niseme hapana? Si bora asingesema? Likanunuliwa begi, nguo zikaandikwa jina kwa uzi, na shule ikaleta habari kwamba mkuu wao wa mapokezi atapita Jumamosi kumwona mtoto kwao, na akiridhika, mtoto asafiri Jumatatu.

Jumamosi Redio alifunga kibanda. Mke alikuwa ameshapiga deki mara mbili. Mkuu akaja, mama mnene, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, mkoba mkubwa begani. Akakaribishwa kiti, akakataa, akakaa chini kwenye mkeka karibu na vibanio vya Chiriku, na wala hakuvigusa. Redio akaona hapo hapo kwamba huyu anaijua kazi. Alikaa muda mrefu akimwangalia mtoto tu, haulizi neno, na Redio, ambaye ukimya ukimzidi anawashwa, akaanza kujaza nafasi: akaeleza habari za MAJI, habari za MAMA, akaisimulia ile ya baba unaongea sana, na mikono akitupa huku na huku. Mkuu akatabasamu, akasema angependa kuona mwenyewe.

Katikati ya hayo Chiriku aliinuka, akamshika baba yake kifundo, akamvuta kuelekea chumba cha ndani. Redio akautoa mkono kwa fahari kidogo, mgeni aone malezi. "Sema kwenye ubao, mama. Mgeni anataka kukuona." Mtoto akamshika tena. Akautoa tena. Mtoto akajing'ata, akarudi kukaa. Mkuu aliangalia yote hayo na uso haukusema kitu.

Mwalimu, ambaye alikuwa amefika mapema, akakaa mahali pake. Alikuwa amevaa vizuri siku hiyo, na mtu angemwona angejua hakulala vizuri, maana kwake yeye hii ilikuwa kama mtihani wa mwanafunzi wake mpendwa. Ubao ukawekwa. Mkuu akamuuliza Chiriku hujambo, kidole kikaandika SIJAMBO KARIBU KWETU. Mama Chiriku akapiga kofi dogo, akajizuia.

Ndipo Mkuu akafungua mkoba wake, akatoa kipande cha kadibodi na bahasha ya picha. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba pale shuleni wana desturi, mtoto yeyote anayesema kwa kushikwa mkono, kabla ya kumpokea wanafanya mchezo mdogo. Mtoto anaonyeshwa picha yake, mshikaji anaonyeshwa yake, kadibodi inasimama katikati, kila mmoja anaona ya kwake tu. Halafu mtoto anaulizwa ameona nini. Hakuna zaidi.

"Picha zinafanana?" Mwalimu akauliza.

"Zingine," Mkuu akasema.

Mwalimu akakubali bila kusita. Hilo Redio alilikumbuka baadaye sana. Hakusita hata kidogo. Mtu mwenye la kuficha angesita.

Redio akasimama nyuma ya binti yake, kwa hiyo aliona picha za mtoto, za Mwalimu hakuziona. Ya kwanza kikombe. Kadibodi ikaondolewa, mkono ukashikwa, kidole kikaenda: KIKOMBE. Redio akamkonyeza mkewe. Ya pili, Chiriku akaonyeshwa ufunguo. Ufunguo mkubwa, wa rangi ya njano, hata mtu asiye na miwani angeuona. Mkono ukashikwa. Kidole kikaenda kwenye S.

Redio akadhani mtoto amekosea njia. Kikaenda kwenye A. "Ufunguo, mama," akamnong'oneza, "ufunguo." Mkuu akainua kiganja kumnyamazisha bila kumwangalia. M. A. K. I. Samaki. Redio akaona aibu kidogo ya mzazi ambaye mwanawe amejikwaa mbele ya wageni. Akajiambia ni uoga, ndiyo, mgeni amemtisha. Ya tatu ikaja: ndege, yuko juu ya tawi. Kidole kikaandika KITANDA. Ya nne ikawa jua, jua lenye miale, na mtoto aliliangalia vizuri, hata akaligusa. Safari hii kadibodi ilisimama, lakini Mwalimu hakuonyeshwa kitu. Mkono ukashikwa. Kidole kikazunguka juu ya ubao, kikazunguka, kikatua, kikaandika polepole: NIMECHOKA NA MASWALI.

Mkuu akakusanya picha. Hakuwa na haraka. Akazipanga sakafuni mbili mbili mbele ya watu wote, juu zile za mtoto, chini zile za Mwalimu. Kikombe na kikombe. Ufunguo, na chini yake samaki. Ndege, na chini yake kitanda. Jua, na chini yake mkeka mtupu.

Kuna vitu akili inaviona kabla havijakufika. Redio aliangalia zile picha, akasoma juu, akasoma chini, na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule umjue, mdomo wake ulifunguka na hakikutoka kitu. Masikio yakaziba puu, kama mtu aliyezama. Aliona midomo ya mkewe inasema jambo, hakulisikia. Samaki. Mtoto ameona ufunguo, aliyeona samaki ni yule mwingine.

Mwalimu alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Aliuinua akauangalia, kiganja, halafu nyuma ya kiganja, kama mtu aliyeokota mkono wa mtu mwingine barabarani.

"Sikumsukuma," akasema. Sauti haikuwa na nguvu. "Wallahi sikumsukuma. Yeye ndiye anayekwenda. Mimi nausikia mkono wake unakwenda."

"Najua," Mkuu akasema.

"Rudia. Tafadhali rudia."

Mkuu akarudia. Alikuwa na picha nyingine nyingi, akarudia kwa subira, na sasa Mwalimu alikuwa anajua, alikuwa amefumba macho ili asiongoze, na mambo yakawa mabaya zaidi, maana alipofumba macho kidole kiliandika herufi zisizo na maana hata moja. Akafumbua. Akauachia mkono wa mtoto. Chiriku mkono wake ulipoachiwa aliupeleka moja kwa moja kwenye kibanio chekundu akakigeuza.

Mkuu akaeleza, na alieleza bila kumkanyaga mtu. Alisema ameliona hili kwa watu waaminifu kabisa, watu wa sala. Mtu anapotamani sana mwenzake aseme, mkono wake mwenyewe unatangulia, mtetemo mdogo tu, na mwenye mkono hajui. Hakuna aliyedanganya hapa, akasema. Lakini maneno haya si ya mtoto. Hakuna hata moja ninaloweza kusema ni la mtoto.

Hakuna hata moja. Hapo ndipo kile kitu kilipomfikia Redio, na kilimfikia kutokea nyuma. Ilianza na maji: mama mtu alikimbilia maji ambayo hakuna mtu aliyeyaomba. Halafu ile ya baba unaongea sana. Akamwangalia Mwalimu, na Mwalimu, masikini, akainamisha macho, kwa sababu na yeye alikuwa amefika palepale kwa wakati uleule. Ni yeye ndiye aliyeona baba anaongea sana. Hakuwahi kumwambia, ni mtu wa heshima, mkono ukamwambia. Watu wakacheka mwezi mzima kibandani kwa utani wa Mwalimu.

Na lile lingine je? Lile la kamba ya nguo, ambalo hakumwambia mtu? Redio akakaa juu ya ndoo ya nguo iliyofunikwa. Alikuwa amelibeba hilo neno kama mtu aliyebeba mtoto mgongoni, akafungua mbeleko akakuta amebeba mto. Akataka kumuuliza Mwalimu. Akaona atauliza vipi? Wewe mama wa watu, ulinipenda? Alikaa juu ya ile ndoo, na hakuuliza, na hajauliza mpaka kesho.

Aliyezungumza alikuwa mkewe. Alikuwa amesimama mlango wa chumba cha ndani.

"Baba Chiriku," akasema. "Begi."

"Begi limefanya nini?"

"Kila asubuhi nalipanga. Kila jioni nalikuta limemwagwa, nguo zimerudi kwenye kamba zimebanwa na vibanio. Jana nililikuta chooni. Nilimgombeza. Nilidhani anacheza."

Feni ilikuwa inazunguka, na nje mtu alikuwa anapita anapiga mluzi.

"Wiki nzima," mama mtu akaendelea, na sasa sauti ilikuwa inakatika, "wiki nzima huyu mtoto anatwambia hataki kwenda. Na mimi nampiga vikofi vya mikono."

Redio akainuka kutoka kwenye ndoo. Hakujua anainuka kwenda wapi. Akakumbuka dakika chache zilizopita, mtoto amemshika mkono mara mbili kumpeleka chumba kile cha ndani, na yeye ameutoa mara mbili, mgeni aone malezi. Akaenda mwenyewe. Akasukuma mlango. Begi lilikuwa katikati ya chumba, limepasuliwa zipu, na kitu pekee kilichobaki ndani kilikuwa viatu vipya vya shule, ambavyo kwenye kamba havibaniki.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Yeye alidhani pigo ni kwamba mtoto hakusema. Kumbe pigo ni kwamba alisema, siku zote, na wao wakawa wanamrudishia mkono wake.

Safari ya Jumatatu haikuwepo tena, hilo halikuhitaji mjadala. Mkuu alisema shule haihami, mtoto akitaka kuja siku moja atakuja, lakini aje aone kwanza, alale siku moja, arudi, na waangalie miguu yake inaelekea wapi, si kidole. Akawaambia waanze na kile mtoto anachofanya mwenyewe. Mkono wake uheshimuni, akasema, huo ndio ulikuwa mdomo. Akiwavuta, nendeni. Mengine, picha na maneno na herufi, yatajengwa juu ya hapo, na hakuna mtu kumshika.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kuondoka. Aliikunja nailoni ya ubao kana kwamba anakunja sanda. Mlangoni alisimama akasema jambo moja, hakusema nisameheni, alisema, "Ile shule niliitaka mimi. Nilifikiri mimi nimefika mwisho na yeye, wenzangu kule wanajua zaidi. Nilikuwa namtakia mema." Redio alikuwa na maneno ya kumjibu, makali, yamejipanga foleni. Akayaacha hapohapo kwenye foleni. Kwani nani alilikanyaga lile swali la fundi viatu kwa mzaha?

Kibandani alifungua Jumatatu. Angeweza kunyamaza, watu wangesahau, lakini mtu aliyepiga ngoma ndiye anayejua ilipopasukia. Alisubiri benchi lijae akawaambia yote, samaki na ufunguo na begi, mashine ya kunyolea imezimwa mkononi. Alitegemea fundi viatu atamcheka, na akawa amejiandaa kuchekwa. Fundi viatu alikaa akiangalia sindano yake. Mwishoni akasema tu, "Kwa hiyo yule mtoto alikuwa anaangalia feni." Redio akasema ndiyo, alikuwa anaangalia feni.

Siku zikapita. Chiriku akija kushika mkono, mkono unakwenda. Mwanzoni alishika mara moja, akaachia mwenyewe, akasubiri kurudishiwa, na hilo lilimkata Redio maini kuliko yale ya picha. Akawa anamfuata hata kabla hajavutwa. Taratibu mtoto akaanza kuvuta kwa nguvu kama zamani, mpaka Redio siku nyingine analetwa kwenye ndoo na kipande cha mkate kiko bado mdomoni.

Ndipo jioni moja Mwalimu akabisha hodi. Amekonda. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akasema amerudi kwenye masomo, anajifunza upya, njia ya picha ambazo mtoto anachukua na kutoa mwenyewe, na kama watamkubalia angependa kuanza tena, bila kumgusa. Kama hawatamkubalia ataelewa. Mama Chiriku akaendelea kukunja nguo. Redio alijibu, kwa sababu ni Redio, akasema wewe kaa kwanza tuone.

Mwalimu akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo, na mikono yake akaikalia. Kabisa, akaiweka chini ya mapaja akaikalia, mwanamke mzima, kama mtoto anayezuiwa kuiba sukari. Chiriku alikuwa anapanga vibanio. Alimwangalia Mwalimu, akaangalia pembeni, akamwangalia tena. Akainuka. Akapita mbele ya mama yake, akapita mbele ya baba yake, hakumshika mtu mkono. Akatoka mlangoni. Akarudi na viatu vya Mwalimu, kila mkono kimoja, akaja akaviweka mapajani mwa Mwalimu, akavipanga vizuri, ncha zikielekea mlangoni.

Mama Chiriku aliziba mdomo. Redio akafungua kinywa kumwomba mgeni radhi, kusema mtoto amechoka, mtoto hakukusudia, mtoto anacheza. Akasikia hilo neno, anacheza, limefika kwenye ulimi. Akalirudisha.

Mwalimu alikuwa anaviangalia vile viatu na machozi yanamtiririka, na huku anacheka, cheko dogo la mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

"Nimesikia," akamwambia mtoto. "Nimesikia, mwanangu. Naondoka."

Akaitoa mikono yake, akavaa viatu palepale mkekani, akasimama. Mlangoni alimgeukia Redio akamuuliza kwa sauti ya chini, je, kesho aje?

Redio akaangalia ndani. Chiriku alikuwa amesharudi kwenye vibanio vyake, amelala ubavu, anasogeza cha njano.

"Mimi sijui, Mwalimu," akasema. "Njoo uvue viatu hapa mlangoni, tumwone yeye."